Benz namba A: shajara ya kulirudisha barabarani 300E la mwaka 1990

Januari

Gari ni Mercedes-Benz 300E, bodi ya W124, la mwaka 1990, usukani kulia, liliingia kutoka Uingereza. Hapa Dar ni namba A, yaani herufi za mwanzo za usajili, na kwa anayejua magari ya Bongo hilo linatosha kueleza limeshakula lami na mashimo kiasi gani. Injini ni M103: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 3, vali 12, na petroli inaingia kwa mfumo wa KE-Jetronic wa Bosch. Odometa imegoma kwenye kilomita 387,000 na ushee. Mjomba, aliyeniachia gari, anasema iligoma "muda mfupi kabla sijastaafu." Mjomba amestaafu zamani. Nachukulia kwamba 400,000 imeshapita na sibishani na gari kuhusu zilizozidi hapo.

W124 ilianza kuuzwa mwisho wa 1984, na saluni zake zikaundwa hadi 1995. Enzi zake lilikuwa gari la wakurugenzi. Leo unalikuta chini ya mwembe, tairi zimelala, na mwenyewe anakwambia, "Linawaka hilo, shida ni betri tu."

La Mjomba linawaka kweli. Shida ni yanayofuata baada ya kuwaka. Linatetemeka likiwa sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Taa ya ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, inawaka na kuzima inavyotaka. Asubuhi linawaka mara moja, lakini ukilizima likiwa la moto, ukaenda dukani ukarudi, utapiga stata mpaka watu wageuke. Kwenye foleni linachemsha. Giaboksi inapiga ikiingia gia. Nyuma kuna kitu kinagonga kwenye kila tuta, na asubuhi linatoa moshi wa bluu.

Wengi waliolishika kabla yangu walianza kwa kutafuta mahali pa kuchomeka kompyuta, hawakupaona, wakaanza kubahatisha. Alama za kubahatisha zimejaa: pampu za petroli bado zinang'aa ilhali mabomba yanayoziunganisha ni ya kale, plagi ni za aina tatu tofauti kwenye injini moja, na kuna waya mwekundu unaotoka kwenye swichi ya kuwashia na kupotelea chini ya zulia. Lipo tundu la duara lenye vitundu tisa kwenye injini, lakini hilo ni la kuchomeka mita ya umeme na kusoma namba, halitoi orodha ya makosa kwenye kioo kama magari ya sasa. Gari hili huliulizi linaumwa nini likakujibu. Unalipima.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu mmoja: hakuna spea inayonunuliwa kabla ya kipimo. Vifaa vya kuanzia ni mita ya umeme, geji ya presha ya petroli na pampu ya mkono ya kuvuta vakyumu, yaani kufyonza hewa. Fundi wangu wa Gerezani, mtaa wa magereji hapa Dar, alipoiona ile ya tatu akacheka. "Bosi, hiyo ya kukamulia maziwa?" Tutaona.

Februari: umeme

Nimeanza na fyuzi kwa sababu ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote. Fyuzi za gari hili ni za zamani, vijiti vyenye kipande cha bati juu, na zinashikwa na chuma kila upande. Kwa unyevu wa Dar na chumvi ya bahari zinaota ukungu mweupe kwenye ncha. Kwa macho fyuzi ni nzima, kwa mita haipitishi vizuri. Nyingine ukizizungusha kwa kidole tu, taa fulani inawaka. Nimebadilisha zote, nikaweka zenye bati la shaba, na vishikio nimevisugua kwa msasa laini. Kazi hiyo peke yake imerudisha honi, waipa na dirisha la nyuma kushoto. Ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Fyuzi ya feni za mbele za umeme tumeikuta imeyeyuka. Nimeiandika pembeni, tutarudi kwake kwenye habari ya kuchemsha.

Kisha OVP. Hii ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ndogo ya alumini, imejificha nyuma ya betri, na juu yake kuna fyuzi nyekundu ya ampia 10. Kazi yake ni kulinda kompyuta ya KE na ile ya ABS zisiunguzwe na volti zikipanda ghafla. Ndani yake kuna viungo vya risasi ambavyo baada ya miaka ya joto na mtetemo hupasuka. Ikianza kukatakata, kompyuta ya KE inakosa umeme, petroli inapimwa kimakanika tu bila masahihisho, na injini inatetemeka. ABS nayo inakosa umeme, taa yake inawaka. Taa ya ABS na mtetemo wa sailensi kuja pamoja ndiyo saini ya OVP, na wenye W124 duniani kote wanaijua. Ajabu ni kwamba hapa watu hubadilisha sensa za ABS kwenye magurudumu, na plagi, na injekta, huku rilei yenyewe haijaguswa.

Kipimo: mita kwenye mguu unaotoa umeme, injini ikinguruma. Volti 13 na kitu. Nikagonga rilei kwa mpini wa bisibisi, volti zikashuka hadi sifuri, zikarudi. Tumeifungua. Kwa kioo cha kukuzia nyufa zinaonekana wazi, pete nyembamba kuzunguka kila mguu. Fundi umeme amezichoma upya kwa risasi, na sasa unaweza kuigonga unavyotaka haishtuki. Mpya nitaagiza, kwa sababu sehemu moja ya ubao imeungua rangi, lakini kwa sasa taa ya ABS imezima na sailensi imetulia kwenye mizunguko 700 hivi.

Ule waya mwekundu tumeufuata. Unakwenda moja kwa moja kwenye pampu za petroli. Mtu aliona rilei ya pampu imekufa akaamua kuiruka. Gari likawaka, akalipwa, akaenda zake. Rilei ile kumbe haiwashi pampu tu. Inasikiliza kama injini inazunguka, na ikizimika, inakata pampu papo hapo. Bila hiyo, ukipata ajali na bomba likakatika, pampu zinaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi ya moto maadamu swichi iko wazi. Waya umetolewa siku hiyohiyo, rilei imewekwa nyingine ya mtumba iliyopimwa. Kwenye orodha yangu yote ya mradi hii ndiyo kazi pekee ambayo isingeweza kusubiri mshahara.

Machi: kuwaka likiwa la moto

Hapa ndipo fedha nyingi za Mjomba zilikoishia, kwa hiyo naandika kwa urefu.

KE-Jetronic hunyunyiza petroli mfululizo, tofauti na injekta za kisasa zinazofunguka na kufunga kwa umeme. Pampu zinasukuma kwa presha kubwa, bar 5 na nusu hivi, mpaka kwenye distribyuta ya petroli juu ya injini, na kutoka hapo mirija sita myembamba inakwenda kwenye injekta sita zinazofunguliwa na presha yenyewe. Ukizima injini, joto lote linapanda juu, na mirija iko hapohapo kwenye joto. Petroli ikibaki na presha haichemki. Presha ikianguka inageuka mvuke, na ukirudi kutoka dukani unapiga stata ukisukuma mvuke.

Ndiyo maana waliounda mfumo waliweka akyumuleta, kopo la chuma kando ya pampu chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma. Ndani kuna kiwambo na springi. Injini ikizimwa, springi inaendelea kukisukuma kiwambo na kulinda presha kwa muda mrefu. Asubuhi shida haionekani kwa sababu injini ni baridi, hakuna mvuke, pampu zinajaza mirija kwa sekunde moja. Ndiyo maana fundi akiletewa gari asubuhi haoni tatizo.

Sababu zinaweza kuwa nne: akyumuleta imepasuka kiwambo, vali ya pampu inarudisha petroli kwenye tangi, regyuleta ya presha inavuja kurudi, au injekta zinadondosha. Kununua vyote vinne ni wendawazimu. Pampu, ambazo Mjomba alibadilishiwa, zina hiyo vali ndogo mdomoni, kwa hiyo hazikuwa za kushukiwa kwanza.

Tulifunga geji kwenye mrija unaolisha injekta ya kuwashia asubuhi. Onyo kwa atakayejaribu: ukilegeza nati pale, petroli inaruka kwa presha hata gari likiwa limezimwa. Kitambaa, miwani, kizimamoto karibu, na yule kijana wa gereji mwenye sigara apelekwe akanunue soda mbali.

Injini ikinguruma: bar 5.4. Pampu ni nzima kabisa, na pengine zile za zamani zilikuwa nzima pia. Tukazima. Sindano ikaanguka hapohapo, na kabla fundi hajamaliza kunawa mikono ilikuwa chini ya bar 1. Tukarudia tukiwa tumebana bomba la kurudi tangini: ikaanguka vilevile, kwa hiyo regyuleta haina kosa. Tukachomoa injekta kwenye hedi, zikiwa bado zimeungwa na mirija yake, tukazitazama baada ya kuzima: kavu, hakuna inayodondosha. Fundi akaingia chini ya gari, akachomoa kibomba chembamba cha hewa kilicho nyuma ya akyumuleta. Kibomba hicho kinatakiwa kiwe kikavu. Kilitoa petroli kama mfereji.

Akyumuleta imetoka Sharjah kwa mtu anayeleta spea za mtumba, lakini hii tuliiagiza mpya dukani kwake. Kitu chenye kiwambo cha raba usikinunue mtumba. Kimekaa na petroli miaka thelathini, kiko njiani kupasuka. Pamoja nayo tumeweka vali mpya ya pampu, kwa kuwa ni ya bei ndogo na mabomba yalikuwa yameshafunguliwa, na filta mpya ya petroli. Ile ya zamani tumeikata kwa msumeno tukaona matope mekundu ya kutu ya tangi.

Baada ya hapo geji ilikaa. Nusu saa baada ya kuzima bado ilikuwa juu ya bar 3. Tumelipeleka Kariakoo saa nane mchana, jua la Machi, tukalizima juani, tukanywa chai ya tangawizi kwa makusudi. Stata moja.

Aprili: masika

Mvua zimeanza na gari limeanza kumisi, yaani baadhi ya silinda zinakosa moto. Kwenye M103 kifuniko cha distribyuta ya moto kiko mbele kabisa ya injini, rota inazungushwa na ncha ya kemshafti, na nyuma yake kuna ngao ya plastiki. Unyevu ukiingia hapo moto unatambaa ovyo. Kifuniko kilikuwa na mistari myeusi ya kaboni kama nyufa za udongo. Tumebadilisha kifuniko, rota na ngao, na zile plagi za aina tatu zimetoka. Zimeingia za kawaida za shaba zisizo na rezista, kwa sababu ukinzani kwenye gari hili uko tayari kwenye vifuniko vya waya. Nafasi ya plagi ni milimita 0.8. Limetulia. Tukiwa hapo tulipima mbano wa silinda zote sita: kati ya bar 11 na 12. Ringi za pistoni ziko salama, na hiyo ni habari njema kwa suala la moshi, nitalifikia.

Mei: kuchemsha

Nilifungua nyumba ya thamostati nikiwa na wasiwasi wa aina moja, nikakuta nilichokihofia: hamna kitu ndani. Imetolewa. Nadhani nusu ya magari ya zamani jijini hayana thamostati, kwa imani kwamba maji yakipita bila kizuizi gari halitachemsha.

Kwenye injini nyingine unaweza kuvumilia. Kwenye hii inaleta ubaya mara mbili. Thamostati ya M103 ina sahani mbili. Ikiwa baridi, inafunga njia ya kwenda kwenye rejeta na kuacha wazi njia ya mkato, maji yazunguke ndani ya injini tu. Ikipata joto, kuanzia nyuzi 87, inafungua njia ya rejeta na sahani ya pili inaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umelitolea ili lisichemshe, na kwenye foleni ya Tazara ndipo linachemsha zaidi. Barabarani kwa upande mwingine linakaa baridi kupita kiasi, kompyuta inadhani injini haijapata joto, inaongeza petroli. Mjomba alikuwa analalamika kwamba gari lina kiu. Kiu ilikuwa hapo.

Thamostati mpya tuliipima kwenye sufuria na kipimajoto kabla ya kuifunga. Ilianza kufunguka karibu na 87. Mke wangu amechukua sufuria nyingine.

Rejeta ni ya alumini na vichwa vya plastiki. Fundi rejeta wa mtaani hawezi kuichoma kwa risasi, na shingo ya plastiki ya bomba la juu ilikuwa imeanza nywele za ufa. Shingo ile ikikatika barabarani maji yote yanamwagika mara moja na hedi ya alumini inapinda. Rejeta mpya, basi. Hapa sikubana matumizi. Ndani tumeweka kulanti na maji yaliyochujwa. Najua nitaambiwa kwamba huku hakuna barafu. Hedi ni alumini, bloku ni chuma, maji ya bomba yana chumvi, na vitatu hivyo vikikutana hedi inaliwa polepole. Kulanti hapa ni dawa ya kutu.

Feni kubwa ya viskasi, ile inayozungushwa na injini yenyewe: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono, inatakiwa ikatae. Yetu ilizunguka kama pangaboi. Imebadilishwa. Feni za umeme za mbele, zile ambazo fyuzi yake iliyeyuka, zinafanya kazi mbili: polepole kwa ajili ya kiyoyozi, na kasi yote joto likifika 105 hivi. Moja ilikuwa imeganda beringi, ndiyo iliyoyeyusha fyuzi. Fundi alitaka kuweka fyuzi kubwa zaidi. Tulizungumza kidogo.

Kiyoyozi bado hakifanyi kazi. Gari la 1990 lilitoka na gesi ya R12 ambayo imepigwa marufuku, kwa hiyo kulihamishia R134a kunahitaji oili nyingine ya kompresa, mipira mipya ya viungo na draya mpya. Limesogezwa mbele. Madirisha yanafunguka yote manne, na dari linalofunguka linafanya kazi.

Juni: giaboksi

Ile pampu ya kukamulia maziwa imepata heshima yake.

Giaboksi ya otomatiki ya gari hili, 722.3, haina umeme wa kuamua gia. Inajua mguu wako umekanyaga kiasi gani kwa njia mbili: kebo inayotoka kwenye mkono wa mafuta, na mvuto wa vakyumu unaotoka kwenye injini hadi kwenye kikombe kidogo ubavuni mwa giaboksi, modyuleta. Vakyumu ikipungua, giaboksi inadhani umekanyaga sana, inaongeza presha, na gia zinaingia kwa kupiga. Watu wakisikia kupiga wanasema giaboksi imekufa, na dalali wa giaboksi za mtumba hayuko mbali.

Nilichomoa kibomba cha modyuleta nikavuta kwa pampu ya mkono. Sindano haikusimama, ilirudi sifuri. Kiwambo kimepasuka. Ndani ya kibomba kulikuwa na oili nyekundu, maana yake injini ilikuwa inanyonya oili ya giaboksi na kuiunguza. Sehemu ya moshi ule imepata maelezo. Kiwiko cha raba juu kwenye injini nacho kilikuwa kimekauka na kupasuka.

Modyuleta mpya, kiwiko kipya, filta, gasketi ya sufuria ya giaboksi. Oili imemwagwa yote: torque convata ya gari hili ina plagi yake ya kumwagia, unaizungusha injini kwa mkono mpaka itokee kwenye kitundu. Mafundi wengi humwaga sufuria tu, ambapo sehemu kubwa ya oili chafu inabaki ndani. Iliyotoka ilikuwa ya kahawia na inanuka kuungua, ila hakukuwa na vipande vya chuma. Sasa linabadilisha gia bila kukuamsha. Ukiondoka taratibu linaanza na gia ya pili, na hilo si ugonjwa, ndivyo lilivyoundwa. Ukitaka ya kwanza, kanyaga.

Julai: chini ya gari

Kila gurudumu la nyuma linashikwa na mikono mitano. Muundo huo ulianza kwenye 190 mwaka 1982 na ndio unaofanya gari hili lipite kwenye kona kana kwamba barabara imenyooka. Mikono kumi ina bushi karibu ishirini, na barabara zetu hazina huruma nazo. Nilikuwa tayari kwa gharama. Fundi akatia nondo moja baada ya nyingine, akanionyesha: mikono ya juu bado inakaza, iliyoisha ni boli jointi ya chini ya kila upande, ile inayobeba gurudumu. Hizo mbili zimebadilishwa kwa mashine ya kushindilia, na ule mgongano kwenye matuta umekwisha. Mbele, boli jointi na bushi za mkono wa chini, na bushi ya mkono msaidizi wa usukani.

Raba za propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), ya mbele na ya nyuma, zilikuwa na nyufa mpaka kwenye nyuzi. Mtetemo wa kilomita 80 kwa saa, ambao Mjomba alilipia balansi ya magurudumu mara kwa mara, ulitoka hapo.

Tulivua pia paneli za plastiki za ubavuni, zile zinazoitwa Sacco kwa jina la Bruno Sacco, mkuu wa ubunifu wa Mercedes wa enzi hizo. Nyuma yake kuna mchanga wa pwani wa miaka mingi, na pale pa kuwekea jeki, upande wa kushoto nyuma, bati limeliwa. Nimepiga picha, nimepaka dawa ya kutu, na sijafurahi.

Odometa: nilivuta kilasta ya saa, ile bodi ya mita mbele ya dereva, kwa nyaya mbili zilizokunjwa ncha. Kigia kidogo ndani kinateleza kwenye mhimili wake. Tone la gundi kali, nikakirudisha. Inahesabu tena kutoka ilipoishia.

Agosti: Kitonga

Kipimo cha mwisho nilikipanga tangu mwanzo: Dar hadi Iringa, takriban kilomita 500, na njiani Mlima Kitonga, ambako malori yanapanda kwa mwendo wa kutembea na ukikwama nyuma yake huna upepo wa kukupoza.

Foleni ya Kimara saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 87. Chalinze, Morogoro, Mikumi, sindano haikusogea. Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu, gari likazimwa la moto kabisa, likawaka kwa stata moja. Kitonga tulikuta lori la mbao mbele yetu tangu kona ya kwanza. Sindano ilipanda taratibu hadi 100, nikasikia feni ya viskasi ikishika kwa mngurumo, ikasimama hapo, kisha ikaanza kushuka wakati bado tunapanda. Juu kabisa presha ya oili kwenye sailensi ilisoma chini ya bar 1. Mjomba, aliyekuwa kiti cha nyuma kama mkurugenzi, akashtuka. Hiyo si ishara mbaya: kwa injini hii ikiwa ya moto, hata bar 0.3 kwenye sailensi inakubalika, mradi ukikanyaga tu ipande hadi 3. Ilipanda.

Wakati wa kurudi ndipo nilipopata jibu la moshi. Tulishuka mlima tukiwa gia ya pili, mguu haugusi mafuta, na tulipofika chini nikakanyaga, wingu la bluu likatoka nyuma hadi pikipiki ikapisha. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, injini inavuta vakyumu kali, na oili inapitishwa kwenye shingo za vali kama oili sili zake zimekauka. Ringi zingekuwa mbovu lingetoa moshi wakati wa kupanda, na mbano wa Aprili usingesoma vile. Kwa hiyo hakuna kufungua injini nzima, ingawa gereji fulani iliwahi kumpa Mjomba makadirio ya ovahoo kamili.

Septemba

Sili za vali 12 zimefika, za raba ya kijani inayostahimili joto, pamoja na OVP mpya. Hedi haitolewi. Tunakodi kompresa ya hewa, tunajaza upepo kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili vali zisidondoke, kisha springi zinabanwa na sili kubadilishwa silinda moja baada ya nyingine. Fundi ametengenezewa adapta ya plagi na mtu wa lezi hapohapo Gerezani. Tukiwa tumefungua juu, tutabadilisha na sili ya kava ya mbele ya mnyororo, inayotoa jasho la oili kwenye kona.

Bati la jeki litakatwa na kuchomelewa baada ya hapo, kabla ya mvua za vuli, na kiyoyozi kitasubiri Desemba. Mjomba ameuliza kama gari linaweza kumpeleka Tanga kwenye harusi mwezi ujao. Nimemwambia anipe Jumamosi mbili.